Meza ya Kale Iliyotengenezwa Juzi

Dada yangu aliniambia nina hadi Krismasi. Riwaya ikiisha, vizuri. Isipoisha, Januari nita-apply shule ya unesi kama watu wengine, na habari za uandishi tuziache. Yeye ni nesi, shemeji yangu alikuwa anasomea unesi, na jumuiya yetu ya kanisa pale Carrollton, Marekani, ukiondoa mchungaji na watoto, karibu wote walikuwa manesi. Hawakunionea. Walinihurumia, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Hiyo ilikuwa 2018. Nilikuwa nimeandika sura sita kitandani, kompyuta mapajani, shingo ikiniuma, na nikaamua kwamba kinachonichelewesha ni meza. Mwandishi kijana hupenda kuamini mambo kama hayo. Nje ya Fort Worth kulikuwa na fundi mmoja, Mmarekani, aliyetengeneza kwa mkono samani za kuiga zile za zamani za kwao, za enzi za walowezi: viti vya fito, makasha, meza. Karakana yake ilinukia mbao mbichi na nta, na mwanga ulipita katikati ya vumbi la randa taratibu, kama vile nao una umri. Nilipenda kabla sijauliza chochote.

Meza niliyoitaka ilikuwa ya mti wa cheri, yenye mfuniko ulioinama. Ukiuvuta mbele unalala na kuwa ubao wa kuandikia, na nyuma yake kuna vijumba vidogo vya kuwekea barua. Haikuwa na msumari hata mmoja. Pembe zake ziliumana kama vidole vya mtu anayesali. Fundi aliniuliza kama naitaka ionekane mpya au izeeshwe. Nikasema izeeshwe. Yaani niliomba mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Ilifika Septemba. Nilikuwa nimepima kwa makini ukuta wa chumba nilichopewa nyumbani kwa dada, mlango sikuupima. Wabebaji wakaijaribu kwa ubavu, wakaijaribu miguu juu, kisha wakaiacha sebuleni kando ya televisheni na kuniaga kwa heshima kubwa.

Dada alirudi kutoka kazini, akasimama mbele yake na mkoba begani.

"Hii nini?"

"Meza yangu ya kuandikia."

Alipitisha kidole kwenye makovu. Fundi alikuwa ameipiga mnyororo hapa na pale, akazisugua kingo ambapo mikono ya watu wa karne mbili ingezisugua, hata doa la wino akaliweka.

"Mdogo wangu, wamekuuzia mtumba."

"Si mtumba, dada. Ni mpya. Imezeeshwa."

"Imezeeshwa na nani?"

"Na fundi."

"Makusudi?"

"Makusudi."

Aliniangalia kama anavyomwangalia mgonjwa anayedai hana maumivu. Shemeji, kwenye kochi, akadakia: "Ungeniambia mimi, shem. Ningekuzeeshea bure."

Jumamosi ile ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya. Nilitoka asubuhi kwenda maktaba, na niliporudi meza yangu ilikuwa imevaa. Dada alikuwa amefungua sanduku la vitambaa alivyofuma mama yetu huko Moshi, vyeupe, vyenye maua pembezoni. Kwetu kitu cha sebuleni kisicho na kitambaa ni sawa na mtu aliyetoka nje bila shati. Cha juu kilitulia vizuri. Cha kwenye mfuniko kikawa kinateleza, maana mfuniko umeinama, basi dada akakibana kwa pini. Alizikandamiza kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, ndani ya meza ambayo mtu mzima alikuwa ameitengeneza kwa wiki kadhaa akikwepa msumari mmoja.

Wageni walishaanza kuvua viatu mlangoni.

Baada ya sala, mama mmoja anayehudumia mzee wa Kimarekani huko Plano alifunua pembe ya kitambaa, akashika mdomo.

"Jamani! Hii ipo kwa mzee wangu! Ya babu wa babu yake. Hata wajukuu hawaruhusiwi kuigusa."

Nilimwona dada akinyooka mgongo. "Ndiyo," akasema. "Ya zamani sana hiyo."

"Imetengenezwa Agosti," nikasema.

Akanikanyaga mguu.

Tangu siku hiyo meza ikapandishwa cheo. Glasi za harusi yake zikaingia kwenye vijumba vya barua, sahani zikajaa kwenye droo, na mpwa wangu, aliyezoea kutujibu kwa Kiingereza, akajua kusema kwa Kiswahili safi kabisa: "Usiguse." Mimi nikarudi kitandani. Oktoba ikapita bila ukurasa mmoja. Naikumbuka kama mwezi wa kusikiliza jokofu likinguruma.

Asubuhi moja ya Novemba, nyumba ikiwa tupu, nilichoka. Niling'oa pini, nikapanga glasi juu ya zulia, nikafungua mfuniko na kuketi. Niliandika mpaka dada alipofungua mlango.

"Nani kakwambia utoe vyombo vyangu?"

"Dada, umenipa hadi Krismasi, halafu umenichukulia meza!"

"Meza si hiyo hapo? Nani kakukataza kuandika?"

"Wewe!"

"Mimi nimekataza kuifungua."

Kwa hasira nikamsomea nilichokuwa nimeandika, kwa sauti, kama mtu anayesoma mashtaka. Ilikuwa sura ya saba, bibi harusi ametukanwa jikoni na mama mkwe wake, na anakaa kimya. Dada alisikiliza akiwa bado na sare ya hospitali.

"Kimya?" akauliza. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Huyo msichana hana mdomo?"

Kisha akainama, akaokota glasi mbili mbili, akazipeleka jikoni. Masharti aliyatangaza huko huko: kitambaa cha juu kibaki, na Jumamosi za jumuiya niufunge mfuniko.

Ndivyo nilivyoandika sura zilizofuata, sebuleni, katikati ya mpira wa shemeji na katuni za mtoto. Kila aliyepita alisimama nyuma yangu na kutoa maoni ambayo sikumwomba. Sijawahi kukereka hivyo, na sijawahi kuandika haraka hivyo.

Krismasi ilinikuta sura ya kumi na moja, mbali na mwisho. Dada aliweka sahani ya pilau pembeni ya kompyuta, akasoma kilichokuwa kwenye skrini bila kuomba ruhusa.

"Bado hajamjibu mama mkwe?"

"Bado."

Akaguna. Nilingoja atamke neno Januari.

"Basi Machi," akasema. "Lakini amjibu."