Fimbo Iliyopinda Upande wa Jirani

Enzi zetu ng'ombe wa kwanza wa mtoto alikuwa wa udongo. Tuliuchota ukingoni mwa Tana maji yakipungua, ule mweusi unaonata vidoleni, tukafinyanga nundu na pembe, huku mdomoni bado kuna ladha ya maziwa ya asubuhi yenye moshi wa kibuyu. Watoto wa sasa wana ng'ombe ndani ya simu. Akifa wanabonyeza, anafufuka. Wetu akivunjika pembe tulilia kweli.

Na ng'ombe asiye na chapa hakuwa wa mtu. Chapa yetu ilikuwa fimbo ya mchungaji iliyosimama wima, ncha ya juu imepinda kuelekea mkiani. Ya kina Hawo, majirani zetu, ilikuwa fimbo hiyo hiyo, ila imepinda kuelekea kichwani. Zote zilichomwa paja la kushoto. Mimi niliichora yetu hadi kwenye daftari la hesabu. Mwalimu akanichapa, akasema sasa nina chapa mbili.

Nilipokuwa na miaka kama minane nilikunja waya, nikagonga chapa kundi langu lote la udongo kabla halijakauka. Hawo akaja, akainama, akacheka.

"Hee! Asante kwa kunifinyangia. Hawa wote ni wa kwetu."

Nilikuwa nimeugeuza waya bila kujua. Nikamkimbilia Baba nikilia. Alichuchumaa, akawatazama mmoja mmoja.

"Mpe mwenzako ng'ombe wake," akasema.

"Lakini Baba, nimewafinyanga mimi!"

"Nani atauliza nani kafinyanga? Watu wanatazama paja."

Hawo akawabeba kwenye kanga yake. Baadaye Baba alichora fimbo yetu mchangani, akalaza chuma cha chapa juu ya mchoro, mpini ukiwa juu mkononi mwake. "Unavyokiona ukiwa umeshika mpini, ndivyo kitakavyochoma," akasema. "Ukikigeuza, umemchapia jirani."

Miguu yangu haijatulia tangu nimalize sekondari. Nimeuza nguo Bangale, nimelima Wenje, nimeosha vyombo vya watu Mombasa. Mwaka huu nilikuwa Garsen nikijiuliza niende wapi tena, kaka yangu Godana aliponipigia. Mafuriko yalikuwa yamebeba chuma cha Baba. Ndama wote hawakuwa na chapa, na Ijumaa ile alasiri kundi lilikuwa linashuka kwenye nyasi za delta, kuchanganyika na la kina Hawo. Kiangazi kilichopita tulikuwa tumegombania mtamba mmoja hadi vijana wakashika rungu. Ndama wetu wakishuka na chapa isiyo yao, tutawapoteza wote, au tutaitwa wezi.

Fundi wa kuchomelea vyuma alitaka kielelezo cha kukunjia chuma. Nikaingia duka la mabango lililo mkabala naye, kwa kijana anayeitwa Jillo, nikiwa na picha ya paja la ng'ombe wetu mzee kwenye simu. Jillo aliikuza kwenye kompyuta, ukingo wa fimbo ukavunjikavunjika kuwa miraba midogo midogo.

"Hii haikatiki, mathe. Mashine ya stika inataka vekta."

"Vekta ni mnyama gani?"

Akacheka, akaanza kuweka nukta juu ya picha, moja chini, moja juu, moja kwenye kona. Mstari ukafuata. Alipovuta nukta ya kona, mstari ukapinda taratibu, kama chuma cha Baba kilivyopinda kwa nyundo. Akaukuza hadi ukajaza kioo, ukingo ukabaki laini kama wembe. Nusura nimkumbatie.

Ndipo akabonyeza kitu, fimbo ikageuka.

"Umefanya nini?"

"Nimeigeuza. Ndivyo tunavyofanya mihuri, ndivyo tunavyofanya tisheti. Ukigonga inarudi sawa."

"Irudishe."

"Mathe, tulia. Hii ndiyo kazi yangu."

Mashine ilikuwa tayari inakata. Nilisimama nikiitazama. Muhuri wa chifu niliwahi kuuona, na ni kweli herufi zake zimegeuka. Je, ikiwa kijana yuko sahihi na mimi ndiye nimechanganya tena, kama siku ile ya udongo? Simu ikalia.

"Dada, moto umeshawashwa," alisema Godana. "Fundi anafunga akisikia adhana ya adhuhuri. Umefika wapi?"

"Nakuja," nikadanganya.

Nikamwomba Jillo kipande cha waya. Nikautandaza juu ya stika yake, nikaukunja kuifuata, nikainua ncha ya chini iwe mpini. Nje mlangoni nikamwaga maji ya chupa mavumbini, nikafinyanga matope kiganja kimoja, nikagonga.

Fimbo ilipinda kushoto. Kwenye paja la kushoto, huko ni kichwani.

"Hii ya nani?" Jillo akauliza, ameinama kando yangu.

"Ya kina Hawo."

Akajikuna kisogo. "Kumbe mpini unachomelewa upande huu wa juu! Mimi nilidhani stika hii ndiyo uso unaochoma, kama wa muhuri."

"Nami niliwahi kudhani," nikamwambia. "Ilinigharimu kundi zima."

Alikimbia ndani, akabonyeza, fimbo ikapinda tena kulia. Fundi alikuwa anavua aproni nilipovuka barabara na stika mpya. Akanitazama, akaivaa tena. Adhana ilipoanza, mpini ulikuwa umeshika. Alasiri ndama walishuka wakiwa wetu.

Jillo amehifadhi faili, ameiita Fimbo ya Mathe. Enzi zetu chapa ilikaa mkononi mwa baba na kwenye chuma kimoja, na mto ukakibeba. Sasa hata mto ukirudi, itakuwepo, laini vile vile, hata ukitaka iwe kubwa kama nyumba. Nashukuru. Lakini mimi kuwageuza ng'ombe wetu wawe wa kina Hawo kulinichukua kutwa nzima ya matope na machozi. Jillo alibonyeza mara moja, akiniambia nitulie.

Hawo siku hizi anaishi Ngao, nasikia ana mjukuu. Miguu ikinipeleka huko nitamuuliza kama ng'ombe wangu bado wako. Sitawadai, paja lilishasema. Nataka tu kuwaona.