Mikono Iliyofungwa na Mashine

Jumamosi, tarehe sita Desemba. Mvua imepiga Gongoni tangu alfajiri, bati linavuma hata redio haisikiki.

Mwanangu, jana uliniambia benki yenu inaleta mitambo mipya, nawe umechaguliwa kuwafundisha wenzako. Mimi niliishia darasa la nane, sijui kama neno langu litakuwa na uzito kwako. Lakini nakumbuka siku moja, miaka ile ya Ujamaa, nikiwa karani wa kaunta katika benki moja hapa Tabora, tulipoletewa mashine ya hesabu ya umeme.

Nisiionee mashine. Kazi ya asubuhi nzima iliisha kabla ya chai. Meneja akaniambia, "Binti, foleni ikisogea, mashine inabaki. Isiposogea, inapelekwa Mwanza, nawe unarudi kupanga mafaili." Nikaazimia haitoki.

Ndipo akaja Bibi Nyamizi, mkubwa wa akina mama wa kijiji cha ujamaa kule Ntalikwa, na wenzake foleni nzima, kuweka fedha zao za karanga. Kwa desturi yetu Wanyamwezi, kijana humwamkia mkubwa kwa kukunja goti na kupiga makofi taratibu. Makarani tulizoea kusimama, kuinama na kupiga makofi, ndipo tuulize shida. Siku hiyo vidole vyangu vilikuwa kwenye vitufe, na macho pia.

"Shikamoo Bibi, namba ya kitabu?"

Bibi hakitoi kitabu. Anangoja.

"Bibi, namba! Watu wanasubiri."

"Hata mimi nasubiri. Mashine imekufunga mikono? Au ndiyo mume, hataki uamkie watu?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye akageuka. "Twendeni, jamani. Tumefukuzwa."

Foleni ilisogea kweli, ila kuelekea mlangoni.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikaomba ruhusa kwa meneja, nikawafuata, nikawapata barabara ya Ntalikwa. Nikapiga goti vumbini, nikapiga makofi.

"Shikamoo Bibi. Mashine siiachi. Nimekuja kukuamkia tu."

"Marahaba! Nani kakwambia uiache? Unadhani napenda kusimama mpaka miguu ivimbe? Amkia kwanza, halafu ikimbie itakavyo."

Wakarudi. Kusema haki, sina hakika ni makofi yangu peke yake. Huenda waliona njia ni ndefu kurudi na fedha. Ila mashine ilibaki, nami nikabaki nayo.

Basi mwanangu, jifunze mitambo hiyo mpaka uimudu, usiiogope. Ukipima wepesi wake, tazama pia nani ametoka bila kuhudumiwa. Na mtu akifika mbele yako, ondoa kwanza mikono kwenye vitufe, umpe heshima yake. Uungwana ni vitendo. Mungu akujalie vidole vyepesi na goti linalokunjika, na watu wako wasikugeuzie mgongo.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na nsansa, yale majani makavu ya kunde, yaliyoungwa karanga. Karanga za Ntalikwa.