Simu Inayotaka Unawe Mikono

Nilikuwepo mwenyewe katika duka la simu Tegeta, kwa hiyo asinibishie mtu. Mama mmoja muuza chapati alikuja kutafuta simu janja ya bei poa, maana simu yake ya zamani ilikuwa haipokei akiwa na unga mikononi, na wateja wa oda walishaanza kumhama.

"Hii ina kamera tatu, mama. Inapiga picha mpaka gizani," muuzaji akajitapa.

"Gizani mie nalalaga, mwanangu. Nipigie kwenye hii, nione kama nitapokea."

Akatoa donge la unga kwenye mfuko, akalikanda, na muuzaji alipopiga akatelezesha kidole kwenye kioo. Simu ikaita weee, mpaka ikanyamaza.

"Unaichafua, mama! Si ungenawa kwanza?"

"Mteja atanisubiri ninawe?" Mara akamkodolea macho. "Kumbe wewe mwenyewe unapiga kwa kitochi cha vitufe?"

"Hiki… cha kazi tu, mama."

"Na mie niko kazini. Nipe kama hicho."

Hongera wataalamu, mmetutengenezea simu za watu wasio na kazi.

Yote ni kweli tupu, isipokuwa donge la unga. Mama alilamba kidole kukilowesha, mie nikaona haya kuliandika hilo gazetini.