Sanduku la Vitabu vya Mwalimu Amisi

Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe. Halikumpata dada yangu, wala jirani, wala mtu fulani wa Uvira niliyesimuliwa habari zake. Lilinipata hapa mjini Baraka, saa tisa ya mchana, mvua ikinyesha. Najua visa vya namna hii watu husema vilitokea usiku, na msikilizaji akitaka kubisha anasema kulikuwa na giza, uliona vibaya. Mimi sikuwa na giza la kujifichia. Niliona vizuri. Na kama ningekuwa natunga uongo, niamini, ningetunga ule wa kunipendeza, maana katika kisa hiki mtu mbaya ni mimi.

Nauza mandazi kando ya barabara inayoshuka ziwani. Nina jiko la makaa, karai, benchi moja la mbao na turubai la kuzuia jua na mvua. Wateja wangu ni wapakuzi wa mizigo, wamama wanaotoka kununua dagaa, na waendesha pikipiki.

Mwalimu Amisi alikuwa jirani yangu, na zamani alinifundisha miaka miwili ya sekondari, kabla sijaacha masomo na kuolewa. Alikuwa mgane, mrefu, na miwani yake aliifunga kwa uzi nyuma ya kichwa isianguke. Nyumbani kwake kulikuwa na vitabu kuliko viti. Kulikuwa na vya wasomi, vizito kama matofali: kimoja cha samaki wa ziwa letu, kila samaki amechorwa na jina lake la Kilatini, vingine vya sarufi, vya sheria, vya falme za zamani. Kulikuwa na riwaya za upelelezi, za Kifaransa na za Kiswahili, ambazo alizisoma kwa kujificha kidogo, kama mzee anayekula peremende. Na kulikuwa na mashairi. Hayo aliyafunga katika kitambaa cha kichwa cha marehemu mke wake, mama wa binti yake Zaina, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akisomewa kila jioni.

Mwaka ule kifua kilimsumbua sana Mwalimu, na risasi zilikuwa zinasikika kutoka milimani. Dada yake aliyeko Kazimia, mwendo wa boti kutoka hapa, akamtumia ujumbe aende akatunzwe kule. Boti ilikuwa ndogo, wakamkatalia mzigo. Asubuhi ya safari alikuja kwangu na mtu anayesukuma toroli, na juu ya toroli sanduku la bati lililojaa vitabu.

"Mi nakuachia bitabu byangu," aliniambia. "Kama ni mbuzi, batu bengi bangenichungia. Bitabu, hapana. We ulisoma, unajua ni kitu gani."

"Hakuna mutu atabigusa, Mwalimu."

"Ile ya upelelezi iko juu, sijaimaliza. Imebakia makaratasi makumi mbili tu. Ukiisoma, usiniambie mwisho. Ntarudi, ntaimalizia hapa kwako."

Alicheka, akakohoa, akanipa ufunguo.

Sasa nikuambie nilivyoanza. Mandazi nilikuwa nayafunga kwa kurasa za kaye za shule, yaani madaftari, ambazo watoto huniletea mwaka wa masomo ukiisha. Masika yale zikaniishia. Asubuhi moja wateja walikuwa wamesimama wananingoja na sikuwa na kitu cha kufungia. Nikakimbia nyumbani, nikafungua sanduku kutafuta karatasi moja au mbili. Nilichana nyuma kabisa ya kile kitabu cha samaki, penye orodha ndefu ya majina. Nikajiambia, hii ni orodha tu, nani anasoma orodha?

Kesho yake nikachana tena. Orodha ilipoisha nikaingia kwenye samaki wenyewe. Baada ya samaki zikafuata sarufi, kisha sheria, kisha wale wafalme.

Utaniuliza kama ilikuwa njaa. Ningependa kukujibu ndiyo. Lakini nyuma ya nyumba yangu kuna migomba, na majani yake hufunga mandazi vizuri kuliko karatasi. Nilikuwa mvivu wa kuyakata na kuyaosha. Na moyoni, nisikufiche, nilikuwa nimeshasema kwamba mzee yule hatarudi. Boti za Kazimia zinakuja hapa kila wiki, na sikuwahi kumtuma mtu hata salamu.

Riwaya za upelelezi nilizisoma kwanza, halafu nikazichana. Nikajiona msomi. Ile aliyobakisha kurasa ishirini ilinikaa kichwani siku tatu, nikawasimulia wateja mpaka mwisho, nani aliua na kwa nini, huku nikiwafungia mandazi kwa kurasa zilezile. Walicheka sana. Mashairi niliyaacha kwa muda, kisha nikafungua na kile kitambaa. Karatasi ya mashairi ni nzuri, maneno machache, nafasi nyeupe tele. Wateja walisifu usafi. Kitambaa cha marehemu nikawa nafunikia unga ukiumuka.

Siku yenyewe mvua ilianza saa nane. Chini ya turubai tulikuwa wawili, mimi na Wilondja, mwendesha pikipiki aliyekuja kujikinga, amekaa mwisho wa benchi anachezea simu yake. Niliinama kugeuza mandazi. Nilipoinua kichwa, Mwalimu Amisi alikuwa amekaa mwisho ule mwingine.

Unadhani niliogopa? Woga ulikuja baadaye. Kitu cha kwanza kilikuwa aibu. Nilifikiri, amerudi, na sanduku ni tupu.

Alivaa kofia yake nyeupe na shati lililopigwa pasi. Barabara ilikuwa mto wa matope, lakini viatu vyake vilikuwa safi na mabega makavu. Niliyaona hayo, ila akili yangu ilikuwa inatafuta la kusema.

"Mwalimu, ulifika lini?"

"Saa hii tu. Unipatie mandazi tano."

Mkono wangu ukafanya ulivyozoea. Nilikuwa nimeshayafunga na kumpa ndipo nikaona nimeyafunga kwa ukurasa wa mashairi yake. Aliyatoa mandazi, akayapanga kwenye benchi moja baada ya jingine. Ile karatasi akainyoosha juu ya goti, polepole, kama anavyonyoosha mtu shuka ya mgonjwa. Akasoma. Hakuwa na miwani.

"Hii nilimusomea mama yake Zaina," alisema, "wakati alikuwa na mimba ya Zaina. Alilala, sikuimaliza." Akageuza upande wa pili. "Yenye kufuata iko wapi?"

Mafuta yalikuwa yanachemka. Nilisikia kila povu.

"Hiyo niliokota sokoni, Mwalimu. Kule kuna makaratasi ya kila namna."

"Na bitabu byangu?"

"Biko. Sanduku sijalifungua."

"Basi ile ya upelelezi hukuisoma."

"Hapana, Mwalimu."

"Mi nilitaka tu kujua nani aliua. Ni hiyo njo kilinileta."

Nililijua jina. Lilikuwa mdomoni mwangu, jina ambalo nusu ya barabara hii walishalisikia kutoka kwangu. Lakini kumpa jina ni kukiri kwamba nilifungua. Nikasema, "Sijui, Mwalimu."

Aliniangalia. Alikuwa na namna ya kumwangalia mwanafunzi aliyenakili kwa jirani kwenye mtihani. Hakuwa anagombeza. Alikuwa anangoja tu mpaka mwenyewe useme. Wengi wetu tulikuwa tunasema. Siku ile alinipa muda wa kutosha, na mimi nikautumia kuinama kwenye karai na kujifanya mandazi yanaungua.

"Mama," Wilondja aliita, "unaongea na nani?"

Niliinua kichwa. Hakukuwa na mtu. Mandazi matano yalikuwa yamepangwa kwenye mbao, moshi bado unatoka, na karatasi haikuwepo. Nilitafuta chini ya benchi, nikatafuta barabarani. Wilondja aliapa kwamba aliniona nikinyoosha kifurushi hewani na kujibu maswali ambayo hakuyasikia, kisha akayaona mandazi yanakaa kwenye benchi moja moja. Hakungoja mvua ikatike. Aliwasha pikipiki akaenda nayo vilevile, na mpaka leo hanunui kwangu.

Hapo ndipo woga ulipokuja. Niliyamwaga mafuta na kurudi nyumbani.

Kesho yake asubuhi simu ililia. Alikuwa Zaina, binti yake, mwalimu wa shule ya msingi kule Kazimia.

"Baba ametuacha jana," alisema. "Kwenye saa tisa hivi."

Niliketi kitandani, simu sikioni.

"Alikuwa anasema juu yako mpaka mwisho. Alisema hana wasiwasi, bitabu biko kwa mutu anaejua kusoma. Mama, uko unasikia?"

"Niko."

"Ntakuja kubichukua kisha arobaini. Nataka nibipange kwa darasa yangu. Kule batoto habana hata kimoja."

Siku arobaini. Zilikuwa nyingi kwa mtu anayetaka kutubu. Nilizitumia kuzunguka kwa wateja nikiomba karatasi zangu. Wengine walizitupa, wengine waliwashia moto. Mama mmoja alinirudishia picha ya samaki aliyokuwa ameibandika ukutani. Nilipata kurasa thelathini na kitu, zote zinang'aa kwa mafuta. Nilikaa nazo jioni nzima. Kisha nikaona kwamba mafuta yale ndiyo yatakayonishitaki, nikazichoma. Ndiyo, nilizichoma kwa mkono wangu.

Zaina alifika na boti ya asubuhi, amevaa nyeupe. Ana urefu wa baba yake. Alikaa chumbani kwangu, na kabla hajauliza nikaanza kulia na kumwambia kwamba wezi wenye silaha walivunja mlango, wakabeba kila kitu, na vitabu wakachana kufungia sigara. Miezi ile wezi walikuwa wamevamia nyumba mbili mtaani kwetu, kwa hiyo uongo wangu ulipata miguu. Nikampa kilichobaki, nusu ya kitabu kimoja cha mashairi, na kile kitambaa cha mama yake. Nilikuwa nimekifua mara tatu.

Alikipeleka usoni, akavuta pumzi.

"Kinanuka mandazi," alisema, na akatabasamu huku machozi yanamtoka. "Kweli ulikaa nacho."

Nikaangalia chini.

"Usilie, mama. Bangekuua bure juu ya bitabu. Baba hangetaka vile." Alinishika mabega. Mimi ndiye niliyefarijiwa, unaelewa? Yeye mwenye msiba ndiye aliyenishika. Kisha akafungua mfuko wake akatoa kitenge kipya, cha buluu na manjano, bado kina karatasi ya dukani. "Alisema nikupatie hii. Ya kukushukuru kwa kuchunga."

Ningeweza kusema pale. Alikuwa ananiangalia kwa macho yaleyale ya kungoja, ingawa yeye hakujua anangoja nini. Nilinyoosha mikono yote miwili, nikapokea.

Alirudi Kazimia jioni ile na nusu ya kitabu.

Sasa nafunga mandazi kwa majani ya mgomba. Wateja wananitania, wananiita Mama Majani, nami nacheka nao. Mvua ikija na upepo, benchi lote linalowa isipokuwa mwisho mmoja. Nimehamisha jiko mara mbili, nimegeuza benchi, nimeweka turubai jipya. Mwisho ule unabaki mkavu, na hakuna anayekaa pale hata kukiwa na msongamano. Hawajui kwa nini. Wanasema tu hapapendezi.

Kitenge sijakishona. Mume wangu aliniuliza mara moja kwa nini, nikamwambia sijapata fundi mzuri. Kipo juu ya kabati, na vumbi nalifuta kila Jumamosi, kwa sababu siwezi kukivaa na siwezi kukitoa.

Wewe unayenisikiliza, nikuonye. Mtu akikuachia kitu chake, usikifungue hata kwa karatasi moja, maana karatasi moja ndiyo inayofungua sanduku zima. Na kama umeshakifungua, siku mwenyewe atakapokuja kukuuliza, awe hai au awe amekufa, mjibu. Usiangalie karai. Aliye hai anaweza kukukasirikia, mkayamaliza. Aliyekufa hana haraka, na hakasiriki, na mimi nakuambia hilo ndilo baya zaidi.

Zaina yuko Kazimia, anafundisha. Kila sikukuu hunipigia simu kunisalimia, na huniita mama. Kama unamjua, nakuomba usimwambie. Niachie nimwambie mwenyewe. Boti inaondoka kila Jumanne, nami huenda mpaka pwani kuiangalia inavyopakia, na kila Jumanne narudi nyumbani kwa miguu.