Roho Niliyompelekea Mzee Nassor

Chekeni, lakini polepole, maana mama bado mgonjwa.

Nina shahada na sina kazi. Mama alipotakiwa kufanyiwa upasuaji, nilikwenda kukopa kwa Mzee Nassor, muuza vitambaa hapa Bagamoyo. Watu husema utajiri wake una masharti.

"Mkopo sikupi," alisema. "Njoo Ijumaa baada ya alasiri, umetawadha. Mama yako usimwambie, atakataa. Anaitwa nani, na aliyemzaa ni nani?"

Nikamtajia. Njiani kurudi nyumbani Kaole nikaanza kufikiri, na hapo ndipo ninapoharibikiwa siku zote. Anayetaka jina la mtu na la mama yake ni mganga. Basi pesa ipo, ila anayetakiwa ni mama. Sikulala. Mwisho nikaamua nitoe roho yangu badala ya yake. Tangu nihitimu hakuna mwingine aliyeihitaji.

Ijumaa nikaingia uani kwake. Moshi wa udi ulikuwa mzito, nikamwona yeye tu, ameshika chetezo. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mzee. Chukua roho yangu, ya mama iache."

"Marahaba. Roho yako niiweke wapi, mwanangu? Tunamsomea dua mama yako, kisha watu wamchangie. Nimemshawishi na kumleta mwenyewe, yupo hapa hapa."

Moshi ukapungua. Wanaume walikuwa wamekaa mikekani, misahafu mikononi, wote wananitazama. Nyuma ya pazia la wanawake sauti dhaifu ikauliza, "Idi, umeniuza?"