O ya Baba

Mama yangu, kule Mbale, alinifundisha herufi kwa unga wa maandazi, maana sokoni hakuwa na nafasi ya kunikalisha chini na kalamu. Nami nikamfundisha binti yangu vivyo hivyo hapa Jinja, kwenye nyumba za wanajeshi. Kila asubuhi, kabla sijatoka kwenda kuuza maandazi, nilimmegea kibonge cha unga. Tunaviringisha, tunakunja, natumbukiza kwenye mafuta. S ilivimba mpaka ikageuka 8. A ilikatika miguu karaini. Yeye hakujali, mradi ale. Lakini asiyetaja herufi hali. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yangu, na sikucheka naye. Karibu alfabeti nzima ilipita tumboni mwake.

Isipokuwa O. Jina la baba yake linaanza na O, nalo lilikuwa limeshonwa kifuani mwa gwanda alilotuachia ukutani alipopelekwa kulinda amani nje ya nchi.

"Hii ya baba," mtoto aliniambia, akaiweka kwenye mkebe.

Zikiota ukungu nilizitupa. Alilia, nikamgombeza, halafu nikamkaangia nyingine. Nampenda mno mtoto huyu, ila ana kichwa kigumu, na najua alikokitoa.

Mume wangu aliporudi kwa likizo fupi, binti alijificha nyuma yangu. Baba yake alikuwa amemwacha bado anabebwa mgongoni.

"Njoo. Mimi baba yako."

"Baba iko kule," mtoto akajibu, akionyesha gwanda.

Baba yake alimnunulia peremende, akamnunulia na viatu vinavyowaka taa. Mtoto alipokea, akakimbia.

"Nitarudi kazi na mtoto hajui mimi," mume wangu akaniambia.

Nilimjibu kwa ukali kwamba mtoto si kuruta, hapokei amri. Lakini roho iliniuma, kwa sababu likizo ilikuwa inakwisha na mwanamume huyu alikuwa hali chakula vizuri.

Asubuhi moja alilivaa lile gwanda aende kuripoti kambini. Mtoto akatazama ukutani, hakuna kitu. Akamtazama yeye. Alikuwa amechuchumaa mlangoni akifunga kamba za buti. Mtoto akasogea, akaweka kidole kifuani pake, akaizungukia ile herufi polepole kama nilivyomfundisha.

"O," akasema.

Mume wangu akaachia kamba za buti. Mtoto akakimbilia mkebe, akarudi na andazi la O, la siku Mungu ndiye ajuaye, limekauka kiasi kwamba hata panya angelikataa. Nilitaka kumzuia, lakini baba mtu alikwisha kulipokea na kulipeleka mdomoni. Mtoto akamshika mkono.

"Taja kwanza."

"O," akasema afande mzima.

"Kula sasa. Iko yako."

Akalitafuna lote, machozi yakimtoka, binti yake amemshika goti akihakikisha habakishi hata kipande.