Nilimtafsiria Mama wa Kwaya, Maneno ya Daktari Nikayameza

Admin, ficha jina langu, na kanisa letu usilitaje, maana tulivyo wachache huku kila mtu atajua ni mimi.

Mimi ni binti wa miaka 24, Mrundi niliyekulia kambini Kigoma. Tulifika Louisville, Marekani, nikiwa na miaka kumi na tano, nikashika Kiingereza haraka, na tangu hapo nikawa mdomo wa kanisa zima. Hospitali, shule za watoto, ofisi ya umeme, naitwa mimi. Agosti hii natakiwa kuanza masomo ya udaktari Buffalo. Pongezi ziwekeni kando kwanza, nisikilizeni.

Anayedhani kuingia chuo cha udaktari Marekani ni kupeleka cheti tu, ajue amepotea. Unamaliza kwanza shahada ya miaka minne. Kisha kuna mtihani wa siku nzima, unaulipia, na ukifanya vibaya unaulipia tena. Barua za walimu wanaokufahamu. Saa za kukaa karibu na wagonjwa, na mtu wa kukuthibitishia. Kila chuo unachoomba kina ada yake, wakikupenda kidogo wanakutumia fomu nyingine yenye ada nyingine, wakikuita kwenye usaili nauli ni yako, pa kulala ni juu yako, na suti utajua mwenyewe. Baba anapakia maboksi ghalani, mama anasafisha hoteli. Tungetoa wapi?

Aliyetuokoa ni Mama Neema, Mkongomani, kiongozi wa kwaya ya akina mama. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anauza sambusa mlangoni, amezikaanga mwenyewe na uchovu wa kazi mwilini, na mtu akitaka kupita bila kununua anamshika mkono: "Weye, unapita wapi? Hii iko ya munganga wetu!" Munganga kwao ndiye daktari. Aliniita hivyo hata kabla sijafanya mtihani.

Zile saa za wagonjwa nilizipata kwa kuwatafsiria akina mama hao hao kwenye kliniki iliyokubali kunisainia. Mwaka jana, mtihani ukiwa umekaribia, ikawa zamu ya Mama Neema. Daktari alimpima, akaniambia nimweleze: kuna uvimbe kwenye titi, huenda ni kansa, lazima apigwe picha na kukatwa kinyama kidogo kikapimwe, na asichelewe.

Kiingereza nilikielewa chote. Lakini mtu mwenyewe ni rika la mama yangu, ameketi pale amejifunika kitenge kifuani, anaona aibu hata mimi kuwepo. Kwetu mtoto hatamki kiungo hicho mbele ya mama mtu mzima. Na kansa hatumtajii mtu usoni, ni kama kumwitia kifo.

"Anasema nini ule munganga?" akaniuliza.

"Mama, kuna kauvimbe kadogo. Watakupiga picha. Watapiga simu."

"Haiko mubaya?"

"Hapana, Mama."

Akacheka, akakaza kitenge chake. "Bon, twende. Niko na kazi."

Daktari aliuliza kama mgonjwa ameelewa. Nikamjibu ameelewa vizuri sana.

Simu walipiga kweli. Walipiga kwangu kutoa tarehe ya picha, kwa sababu kwenye mafaili yao karibu akina mama wetu wote wameandikiwa namba yangu. Nilikuwa nasoma, nikasema nitamwambia Jumapili. Jumapili nikamkuta mlangoni na beseni lake la sambusa, anatafuta ada zangu. Nikamuuliza, "Mama, na ule uvimbe?" Akasema, "Haiko inauma. Njo mabokisi ya kazi tu," yaani ni maboksi anayobeba kazini. Nikasema basi sawa.

Nikiri tu, nilifurahi. Ningemwambia ukweli angeanza kushinda hospitali, na nani angeuza sambusa? Wazo hilo lilinipitia kichwani, sitalikana. Kliniki ikapiga tena, nikaacha simu iite. Baadaye wakachoka.

Kwenye usaili Buffalo waliniuliza kuhusu siku niliyomsaidia mgonjwa. Nikawasimulia Mama Neema na aibu yake, na jinsi nilivyomtuliza. Mzee mmoja pale mezani alivua miwani akafuta macho. Nikakubaliwa.

Kanisa liliponishangilia, yeye hakuwepo. Alikuwa ameshindwa kazi, binti yake Neema amemchukua kwake Columbus. Wiki iliyopita Neema alinipigia analia. Kansa imeshafika kwenye ini. Madaktari wa kule wanashangaa mgonjwa alikuwa wapi mwaka mzima.

"Mama anasema hakuna mutu alimwambia," Neema akaniambia. "Anasema njo mapenzi ya Mungu. Donc, dada, hapa hospitali banataka kumutafsiria kwa simu, anakataa. Anasema anangoja munganga wake."

Nikamjibu nitakuja.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeficha maradhi ya mwenzangu, na kifo kinamwendea yeye. Sahani yangu nairudisha jikoni kama ilivyo. Mama yangu anadhani ni kiherehere cha chuo, anazunguka kunishonea vitenge vya kuondokea. Nikisema ukweli, kanisa litanitema, na Buffalo wakisikia sidhani kama wataniachia nafasi, kwa hiyo hata jasho la Mama Neema litakuwa limemwagika bure. Nikinyamaza, nitavaa koti jeupe la sambusa zake huku yeye yuko kaburini. Nimefikiria hata kusema naumwa, nisiende Columbus kumtafsiria. Neema ameshanikatia tiketi ya basi.

Jumanne nitakaa katikati ya Mama Neema na daktari wake. Daktari atauliza Mama aliambiwa lini kwa mara ya kwanza kuhusu huo uvimbe, na nani alimwambia. Mama Neema hatamwangalia daktari. Atanigeukia mimi kama siku zote, aniulize, "Anasema nini ule munganga?"

Nitukaneni, nastahili. Ila kabla ya Jumanne, ndugu zangu, mniambie nimjibu nini.